Mtani Alipotutembeza Majengo ya Wajerumani

Siku ile tulikuwa wanne. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba, fundi baiskeli wa Mabawa. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, anayefanya kazi ya kupakia mizigo bandarini. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, wa kike, ambaye kwa ajili yake ndiyo tulitoka. Na alikuwepo bibi mmoja wa Kinyamwezi anayekaa upande wa Pongwe, mtoto wa watu walioletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Huyo si ndugu yetu kwa damu wala kwa ndoa. Ni mtani wetu. Sisi ni Wadigo, asili yetu Moa, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi hizo babu zao wanashuka pwani na mizigo kichwani.

Hatukumwalika. Alikuja asubuhi ile kuchukua baiskeli ya mjukuu wake niliyoitengeneza, akatukuta tunajaza upepo, akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia tunakwenda kutazama majengo ya Wajerumani.

"Mdigo akatazame jengo?" alisema. "Si mtaanguka usingizi njiani? Ngoja niwasindikize."

Akapanda nyuma ya baiskeli yangu, miguu upande mmoja, mkoba mapajani. Ni mzito. Nilisikia tairi ikilalamika.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Mdogo wetu alikuwa amemaliza mafunzo ya utalii, na Jumatatu alitakiwa kujaribiwa na mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya kuwatembeza wageni mjini kwa baiskeli. Angewaongoza yule mama na wageni wake kwenye majengo ya zamani, awaeleze. Kuandika hakumshindi, na vitabu amesoma kuliko sisi sote. Shida yake ni sauti. Akisimama mbele ya watu asiowajua, sauti inapungua, inapungua, mwisho unaona midomo tu. Alikuwa ameshajaribiwa mahali pengine kabla ya hapo. Alirudi nyumbani, akajilaza na viatu vyake.

Upande wa pili alikuwepo wakala. Mdogo wangu wa kiume alimpata kupitia rafiki yake: mtu anayepeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za ndani. Pasipoti ilikuwa tayari, na wakala alisubiri jibu tu.

"Akishindwa Jumatatu, aende," alikuwa ameniambia mdogo wangu. "Kule hakuna kuhutubia. Unadeki, unapika, unalipwa."

Hakusema kwa ubaya. Alimwona dada yake amekaa nyumbani, na yeye ni mtu asiyevumilia kuona kitu kimekaa. Lakini mimi sikutaka. Niliacha shule kidato cha pili baba alipofariki, na mama akamfuata kabla sijajua hata kuziba pancha vizuri. Tangu hapo nilijiwekea jambo moja: hawa wawili wasitawanyike mpaka kila mmoja awe amesimama kwa miguu yake. Sikuwa na hoja nyingine ya kumpinga mdogo wangu. Ndiyo maana nikapendekeza Jumapili ile sisi tuwe wageni, yeye atutembeze, azoee.

Tulianzia stesheni ya reli. Jumapili mji wa Tanga unakuwa na nafasi. Unasikia cheni ya baiskeli yako mwenyewe. Tulizipanga baiskeli ukutani, tukasimama kama wageni wanavyosimama, mikono nyuma. Mdogo wetu akasogea mbele yetu akaanza.

"Jengo hili lilijengwa na Wajerumani. Wajerumani walianza kujenga reli hapa Tanga kuelekea bara. Wajerumani walitaka kusafirisha mazao..."

Alikuwa anasoma hewani, kama mtoto anayesomeshwa. Mimi niliitikia kwa kichwa. Mdogo wangu alikuwa anatazama simu. Mtani ndiye aliyenyoosha mkono.

"Mimi mzungu," alisema kwa sauti ya puani. "Mimi nauliza. Choo iko wapi?"

"Bibi, bado sijamaliza."

"Mzungu hangoji umalize. Mimi nimewapikia wazungu kule mashambani, nawajua. Choo iko wapi? Na picha tapiga lini?"

Mdogo wetu akacheka kidogo, lakini alipojaribu kuendelea alikuwa amepoteza alipofika. Akarudi mwanzo. "Jengo hili lilijengwa na Wajerumani..."

Nilipitia stesheni ile maisha yangu yote bila kuitazama. Kwetu sisi majengo haya yalikuwa mahali pa kwenda kuambiwa njoo kesho. Ukiitwa mahakamani unaingia jengo la Wajerumani, ukifuatilia hati unapanda ngazi za Wajerumani, unakaa kwenye benchi chini ya dari refu, unangoja jina lako. Sikuwahi kuinua kichwa nione mbao za dari hilo zilivyounganishwa. Asubuhi ile, kwa sababu nilikuwa mgeni wa kuigiza, niliinua kichwa. Kuta zile ni nene kuliko mkono wangu ulivyo mrefu. Nilijiuliza mtu anajengaje ukuta mnene hivyo kwenye mji usiokuwa wake. Labda anajenga hivyo kwa sababu anaogopa, au kwa sababu anadhani hataondoka kamwe. Nilitaka kumuuliza mdogo wetu, lakini nikaona nitamwongezea mzigo.

Kwenye mnara wa saa karibu na bustani alijikaza, akasema maneno mengi kidogo. Kulikuwa na vijana wawili wamekaa kwenye ukingo wanakula karanga. Walipogeuka kutusikiliza, sauti ikashuka. Mtani akaweka kiganja sikioni.

"Simsikii. Mnara unamsikia, mimi simsikii."

"Bibi, mwache," nikasema.

"Nimwache kwani mimi mama yake? Mimi mtani. Nikimwacha, nani atamsumbua?"

Kwenye boma la zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Pale palikuwa na watu kweli, familia moja kutoka Arusha kwa namna walivyozungumza, baba na mama na watoto. Yule baba aliposikia mdogo wetu anaeleza, akasogea kwa heshima ili naye afaidike. Mdogo wetu akamwona. Midomo ikaendelea mara mbili tatu, kisha ikaacha. Yule baba akangoja, akatabasamu, akaona haya yeye, akawapeleka watoto wake upande mwingine.

Mdogo wangu wa kiume aliweka simu mfukoni.

"Basi inatosha," alisema taratibu. "Kaka, mwonee huruma. Kila mtu na kazi yake. Nitampigia yule wakala jioni."

Mdogo wetu hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma. Alishika usukani wa baiskeli yake, akawa anaisukuma tu, hapandi. Nilitaka turudi nyumbani, lakini mtani alikuwa ameshapanda nyuma yangu na kunipiga kofi la mgongo kama punda.

"Bado ile hospitali ya zamani, ile ya juu ya bahari. Mimi nimelipia safari nzima."

"Umelipia nini, bibi?"

"Nimekaa juu ya chuma tangu asubuhi. Hayo si malipo?"

Tukaenda. Jengo lile liko kwenye ukingo wa mwamba, mbele yake bahari yote, limejaa matao na baraza ndefu za ghorofani. Wajerumani walilijenga liwe hospitali. Siku hizi miti midogo imeota kwenye nyufa za kuta, na sehemu nyingine paa limelala. Mama yetu alifanya usafi mle ndani nilipokuwa mdogo, wakati vyumba vichache vilikuwa bado vinatumika. Tulimwomba mlinzi ruhusa, akasema tutazame kwa nje tu, tusikanyage ngazi.

Mdogo wetu hakuanza maelezo. Alikwenda kusimama pembeni, chini ya mti, akatazama maji. Mdogo wangu naye akamfuata, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Nikabaki na mtani.

Ndipo likatokea kundi la wanafunzi wa sekondari, sare za kijani, na mwalimu wao kijana. Walitoka bara, wamekuja kutembelea mji. Mwalimu alimwona bibi mtu mzima amesimama mbele ya jengo la zamani, amefunga leso vizuri, akaamini amempata mwenyeji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba."

"Tunaomba utueleze kidogo habari za jengo hili. Wanafunzi wana madaftari."

Mtu wa pwani angejua. Angeusikia Unyamwezi wake, angeona sisi tulivyotazamana, angejua hapa kuna utani. Lakini mwalimu yule hakujua, na mtani wangu hakumwambia. Alijiweka sawa, akakohoa.

"Andikeni," alisema. "Jengo hili lilijengwa na Wanyamwezi."

Kalamu zikaanza.

"Kila jiwe lilitoka Tabora kwa miguu. Jiwe moja, Mnyamwezi mmoja. Wadigo, wenyeji wa hapa, walipewa kazi ndogo ya kuhesabu mawe. Wakafika jiwe la tatu, wakalilalia. Mpaka leo halijulikani lile la nne."

Mtoto mmoja wa kike aliinua mkono. "Bibi, ni mwaka gani?"

"Mwaka wa njaa. Andika. Na Waingereza walipokuja na manowari kupigana na Wajerumani, walishuka hapo chini na jeshi kubwa. Nani aliwafukuza?"

"Nyuki!" alisema mvulana mmoja. Hiyo wote wanaijua, kwamba katika vita ile nyuki walitoka wakawauma askari.

"Nyuki wa nani?" aliuliza mtani. "Mdigo ana nyuki? Mdigo ana nazi. Nyuki walikuwa wetu. Tulikuja nao toka Tabora, tumewafundisha. Tuliwaambia, wale wenye kofia nyeupe, hao. Andikeni."

Wakaandika. Mwalimu mwenyewe alikuwa anaandika. Mimi nilikuwa nimejishika mdomo kwa kicheko, lakini nilianza kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu watoto wale wangekwenda kuyajibu hayo kwenye mtihani. Nikafungua mdomo niseme. Kabla sijasema, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mwalimu, samahani. Msiandike hayo."

Alikuwa mdogo wetu. Amekuja kwa haraka, anahema. Wanafunzi wote wakamgeukia, na mwalimu, na mlinzi wa getini. Akasimama mbele ya macho yote yale. Midomo ilianza kucheza bila sauti, na mimi nikatazama chini, nisimwongezee macho yangu.

"Haya!" mtani alisema kwa nguvu. "Mmeona? Mdigo akisimama, ulimi unakaa. Tuendelee. Baada ya nyuki, Wajerumani wakatuoza binti zao..."

"Huyu ni mtani wetu!" mdogo wetu akasema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake tangu alipokuwa mtoto anagombania mwiko wa uji. "Huyu bibi ni Mnyamwezi, sisi Wadigo, anatutania! Hakuna nyuki aliyetoka Tabora. Nyuki walikuwa kwenye miti ya hapa hapa, risasi ziliwasumbua, wakamuuma kila waliyemkuta. Na hao Wanyamwezi walikuwa wanabeba kila kitu kichwani mpaka vichwa vikawa bapa. Mtazameni."

Wanafunzi wakapasuka kwa kicheko. Mwalimu akacheka, akafuta kwenye daftari lake. Mtani akavua leso kidogo, akawaonyesha kichwa chake, wakacheka tena. Kicheko kilipoisha wanafunzi walikuwa bado wanamtazama mdogo wetu, wanangoja. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Mawe ya ukuta huu ni matumbawe," alisema. Sauti ilikuwa bado juu, ile ile ya kugombana. "Yalitolewa hapo hapo baharini. Walioyachonga na kuyabeba ni watu wa hapa, na wengine walioletwa kutoka mbali, Wanyamwezi wakiwemo, hapo bibi hakudanganya. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Nimetafuta majina yao katika vitabu, sikuyapata hata moja. Jina la aliyechora ramani utalipata ukitafuta."

"Dada, wagonjwa walikuwa wanalala ghorofani?" yule mtoto wa kike akauliza.

"Mwanzoni walilala wazungu. Baraza zile ziliwekwa upande wa bahari wapate upepo. Mtu kama mimi angeingia kwa mlango wa nyuma, ameshika ndoo." Akainua macho kwenye baraza ya juu. Nilidhani imekwisha. "Mama yangu aliingia kwa mlango wa nyuma, ameshika ndoo, lakini wakati huo nchi ilikuwa yetu na wagonjwa walikuwa sisi. Alideki baraza ile ya juu. Alikuwa akisema ukianzia mwisho huu, ukifika mwisho ule, huku pameshakauka, kwa huo upepo. Alilipenda jengo hili. Alikuwa akisema waliolijenga walijua upepo."

Nilimsimulia mimi maneno hayo. Yeye alikuwa na miaka minne mama alipofariki. Hakumbuki sauti yake. Nilimsimulia zamani, wakati wa kumlaza, kwa sababu sikujua hadithi nyingine. Sikujua kwamba ameyaweka.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amesimama pembeni ya baiskeli. Alitazama baraza ile ya juu kwa muda mrefu, kisha akamtazama dada yake aliyekuwa akiwajibu watoto swali baada ya swali: kwa nini madirisha ni marefu, kwa nini serikali hailitengenezi, kama kuna majini. Wakala hakutajwa tena siku ile. Jumatatu mdogo wetu alikwenda, akachukuliwa kwa majaribio, baadaye wakamwajiri. Mdogo wangu alimpigia wakala yeye mwenyewe, bila mimi kumwambia. Nilimsikia uani akisema, "Hapana, amepata kazi ya kusema."

Lakini pale juu ya mwamba, wanafunzi walipoondoka, mtani alikaa kwenye ukuta mfupi, akajipepea kwa ncha ya leso.

"Haya," alisema. "Nimefanya kazi. Nilipeni."

"Tutakuletea kuku," nikasema. Ndivyo ilivyo, mtani akikufaa unampa kuku, na akikukosea unamchukulia wake.

"Kuku nitamla Jumapili, Jumatatu nimesahau. Sitaki kuku. Namtaka huyu." Akamwonyesha mdogo wetu kidole. "Nikifa, uje. Unitembee."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Kufa nitakufa. Mimi jengo la Wajerumani? Na lenyewe linaanguka, unaliona."

Kisha akatueleza, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anatania. Alisema watani wa umri wake wameisha. Akifa, watu wa kanisani watakuja kuimba taratibu, wanawe watakodi viti na spika, na mtu mmoja mwenye kipaza sauti atasoma wasifu wake, alizaliwa wapi, akabatizwa wapi. Hakuna atakayeinuka kufanya kazi ya mtani: kuvaa kanga yake, kutembea kama yeye, kusema kwa sauti yake, kuuzuia mwili mlangoni mpaka wafiwa watoe kitu na watu wacheke.

"Baba yenu nilimtembea mimi," alisema.

Nilikumbuka. Nilikuwa nimekaa na wanaume, kijana wa kidato cha pili, nikamwona mwanamke huyu anatoka jikoni amevaa kofia ya baba yangu, anachechemea kama baba alivyochechemea, anafoka kwamba chai haina tangawizi. Nilitaka kumpiga. Kisha nikasikia ndani, miongoni mwa wanawake, mama anacheka. Alikuwa hajala wala hajasema kitu tangu usiku. Baada ya kucheka ndipo alipolia, na baada ya kulia akaomba maji.

"Mimi sitaweza, bibi," alisema mdogo wetu. "Mbele ya watu wote wale, msibani?"

"Leo umeweza."

"Leo ulinikasirisha."

"Basi nitahakikisha nakufa kwa kukukasirisha."

Mdogo wetu alinitazama. Sikumsaidia. Akatazama tena lile jengo, kisha akasema, "Haya. Nimekubali."

Hiyo ni miaka michache iliyopita. Bibi yuko hai, magoti tu yanamsumbua. Mdogo wetu anawatembeza wageni kila wiki, na anapofika kwenye jengo lile anawaeleza habari ya ndoo na upepo. Ana pesa yake. Alishampelekea bibi kuku, na kanga, na dawa ya magoti. Bibi anapokea vyote, kisha anasema hivyo havihusiani.

Akipita kwenye kibanda changu na kumkuta mdogo wetu pale, anakaa kwenye kigoda, anaweka mkoba mapajani.

"Nitembee nione."

Mdogo wetu anafunga leso, anatoka mpaka barabarani, anarudi kwa mwendo wa bibi, nyonga upande, mkono kiunoni, anadai choo iko wapi. Mafundi wenzangu wanacheka mpaka wanaangusha spana. Mimi nacheka pia, lakini namtazama bibi. Yeye hacheki. Anakagua.

"Bado," anasema. "Unatembea kama mtu anayekwenda benki. Na sauti, waliokaa nyuma hawatakusikia."

Wiki iliyopita alisema hivyo hivyo, bado, akaniambia nimpakie nimrudishe Pongwe.